Kiwanja Bila Hati

Mwezi huu tumeziweka kando kidogo habari za mishahara na saa za kazi, tupate kusema juu ya kiwanja cha mpira. Tunajua wako watakaonung'unika. Watasema, "Chama kimekosa la kufanya, sasa kinafuata mpira." Twawaomba ndugu hao wasome mpaka mwisho, ndipo wahukumu. Mfanyakazi ana saa za tajiri na ana saa zake mwenyewe. Chama kisichojua mwanachama wake anakwenda wapi saa kumi jioni atokapo kazini, chama hicho chamjua nusu tu.

Jambo lenyewe lilizuka katika mkutano wetu wa Funzi. Wengi mnajua Funzi ilivyo. Ni kisiwa kilicho mdomoni mwa mto Ramisi, na mtu akitoka huko kwenda kazini bara hupanda mashua mpaka Bodo. Vijana wa kisiwani hucheza mpira pwani maji yakipwa. Siku za bamvua, bahari ikirudi nyuma sana, mchanga huwa mpana na mgumu, nao husimamisha magoli ya fito na kucheza mpaka maji yajae. Hapo hapana haja ya kumwuliza refa kama muda umekwisha. Kiwanja hicho hakina hati wala hakiitaki, kwa kuwa mwenyewe ni bahari, na kila siku huja kuchukua chake.

Lakini mashindano hayachezwi mchangani. Timu yetu, yenye vijana wa Funzi, wa Bodo na wa Msambweni, hucheza katika kiwanja cha kijiji kimoja cha bara, ambacho jina lake hatulitaji kwa sababu shauri lake halijakwisha. Kiwanja hicho kilifyekwa na wanakijiji wenyewe kwa mapanga na majembe. Visiki viling'olewa kimoja kimoja. Waliofanya kazi hiyo wengine ni wazee sasa, na wengine wametangulia mbele ya haki.

Siku moja vijana walifika mazoezini wakakuta nguzo za saruji zimechimbiwa kandokando ya laini, kutoka kona hata kona. Mtu mmoja alisema ana karatasi ya ardhi ile. Sisi tulikuwa na nini? Tulikuwa na wazee wanaokumbuka, na picha tatu za timu, na kombe moja lililovunjika sikio. Katika mkutano wa Funzi mwanachama mmoja alisimama akauliza swali fupi: "Hiki kiwanja ni cha nani?" Wote tuliokuwapo tulijibu kwa sauti moja, "Ni chetu!" Akauliza tena, "Kimeandikwa wapi?" Hapo palinyamaza kimya.

Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike. Tumetazama historia ya viwanja vya mpira katika mwambao huu wetu, tuone wenzetu walifanyaje, na waliponzwa na nini.

Tuanze Mombasa, kwa kuwa huko ndiko historia ya kiwanja cha mpira na historia ya vyama vya wafanyakazi zilikokutana. Jumatatu tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wa gatini na wa reli waliacha kazi, wakafuatwa na wa mahoteli na watumishi wa majumbani, hata wakafika watu kama 15,000. Bandari ilisimama. Watu wengi namna hiyo walihitaji mahali pa kukutana. Ukumbi wao hawakuwa nao, na ofisi hawakuwa nayo. Walikuwa na kiwanja cha mpira huko Majengo. Basi walikutana hapo kila siku, wakapeana habari, wakasemezana juu ya posho na kodi za nyumba. Kiwanja hicho wakakiita Kiwanja cha Maskini.

Mgomo ulidumu siku 12, mpaka Bwana Eliud Mathu, aliyekuwa mjumbe wa Waafrika katika Baraza la Kutunga Sheria, alipokuja kutoka Nairobi akawasihi warudi kazini ili madai yao yasikilizwe. Baraza la kuamua shauri likawekwa, na wafanyakazi wengi wa gatini na wa reli wakaongezewa mishahara. Kutoka katika mikutano ile kikatokea chama cha African Workers' Federation, na Bwana Chege Kibachia akawa kiongozi wake. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo serikali ya kikoloni ilimkamata, ikamweka kizuizini Baringo, naye akakaa huko miaka kumi.

Twataka kila mwanachama, hasa kijana, alifahamu jambo hili. Wakubwa wetu katika kazi hii hawakuanzia katika jumba lenye viti. Walianzia katika kiwanja cha mpira. Mtu akisema kwamba kiwanja ni mahali pa mchezo tu, na kwamba kikichukuliwa hapana hasara ila ya mchezo, mtu huyo hajui mambo yalivyokuwa. Penye kiwanja, watu elfu waweza kuonana uso kwa uso. Kikiondoka, kila mtu hubaki mlangoni pake peke yake.

Mpira nao ulistawi. Ligi ya taifa ya Kenya ilianza mwaka wa 1963, na mwaka wa 1965 timu ya Feisal ya Mombasa ikatwaa ubingwa. Mwaka huohuo ndipo COTU ilipoundwa, ikaviunganisha vyama vya wafanyakazi nchi nzima. Tangu 1965 hakuna timu nyingine ya Pwani iliyowahi kuchukua ubingwa wa ligi hiyo. Bandari walikaribia, wakawa wa pili mwaka wa 2018 na tena katika msimu wa 2018 na 2019. Kombe la ngao walilichukua mwaka wa 2015 na mwaka wa 2019. Bandari ni timu ya watu wa gatini, na kiwanja chao cha Mbaraki ni mali ya Halmashauri ya Bandari. Kwa hiyo wana mlezi, na mlezi ana hati.

Hapa pana fundisho la kwanza: timu yenye mlezi ina kiwanja. Lakini mlezi naye si wa milele. Sisi wa Kwale tunalijua hilo kuliko wengine. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwaka wa 1988. Watu walipoteza kazi, na kila kitu kilichokuwa kikisimama kwa fedha za kiwanda kikabaki kama mtoto yatima. Miwa ilirudi baada ya miaka mingi kwa kampuni nyingine, lakini kizazi kimoja kilikuwa kimekwisha kutawanyika. Kisha Desemba 2024 uchimbaji wa madini ya titani ulimalizika hapa kwetu, na wanachama wengi wa vyama vya wafanyakazi wakarudi nyumbani. Tajiri akitoa kiwanja twamshukuru. Lakini siku akiondoka, yafaa kiwanja kisiondoke naye.

Fundisho la pili liko ng'ambo ya mpaka, Tanga, mji ambao kwa watu wa Vanga na Lunga Lunga ni jirani kuliko Nairobi. Uwanja wa Tanga ni Mkwakwani. Hapo ndipo palipo utani wa Coastal Union, ambao huitwa Wagosi wa Kaya, na African Sports, ambao huitwa Wana Kimanumanu. Mwaka wa 1988 Coastal walikuwa mabingwa wa Tanzania Bara. Hata Agosti 2023 Mkwakwani ulipewa heshima ya Ngao ya Jamii, Simba na Yanga wakafunga safari kwenda kucheza huko, na Simba wakashinda kwa penalti. Uwanja wa mji huo umefanya kazi kubwa.

Lakini ulizeni Mkwakwani ni mali ya nani. Ni mali ya Chama Cha Mapinduzi, kama vile Kirumba wa Mwanza, Sokoine wa Mbeya, na Sheikh Amri Abeid wa Arusha. Wakati wa chama kimoja watu wengi hawakuona tofauti ya chama na serikali na wananchi. Vyama vingi vilipokuja mwaka wa 1992, viwanja vikabaki na chama. Tangu hapo mabishano hayaishi. Wengine husema vilijengwa kwa michango na jasho la wananchi wote, basi virudi kwa wananchi. Wengine husema mwenye mali ni yule aliyeandikwa. Sisi si wa chama cha siasa wala hatuamui shauri la majirani. Twaliona jambo moja tu: kama watu waliochanga wangaliandika siku ileile ya kuchanga, mabishano hayo yasingalikuwapo.

Wazee wetu waliposema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, hawakuwa wakiwasemea wenye maduka peke yao.

Na sisi watu wa mwambao tulikwisha kulipata pigo hilo mara moja. Mwaka wa 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya pwani hii. Kila mwenye ardhi aliambiwa alete madai yake yaandikwe. Ardhi ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Waliokuwa na habari, na wakili, na fedha za kupima, waliandikisha. Wavuvi na wakulima wengi hawakuandikisha, kwa kuwa hawakuona sababu ya mtu kwenda kudai minazi aliyoipanda babu yake. Wajukuu wao ndio wanaoitwa maskwota hata leo. Miaka zaidi ya 100 imepita, nasi tunarudia kosa lilelile katika kiwanja cha mpira!

Sasa tutazame kwetu. Kwale, mji mkuu wa kaunti yetu, ni mji mdogo juu ya vilima vya Shimba, na sasa una uwanja wake. Serikali ya kaunti ilianza kazi, na tarehe 20 Oktoba 2024 uwanja huo ukapokea sherehe za Siku ya Mashujaa za taifa zima, Rais akiwapo na watu wakiwa wamejaa toka alfajiri. Siku ile kila mtu wa Kwale aliona fahari, na sisi pia. Bwana Salim Mvurya, aliyekuwa gavana wetu tangu 2013 hata 2022, mwisho wa mwaka huohuo wa 2024 akapewa wizara ya vijana na michezo. Basi hatuwezi kusema kwamba michezo ya Kwale haina mtu wa kuisemea.

Hata hivyo uwanja haupimwi kwa siku ya sherehe. Wapimwa kwa Jumamosi ya kawaida, wakati hakuna Rais wala bendi. Twauliza: Jumamosi hiyo, timu ya wapishi na wahudumu wa mahoteli ya Diani yaweza kuingia? Timu ya wakata miwa je? Wasichana wa shule za Msambweni nao je, ambao hupenda mpira sawasawa na kaka zao? Ikiwa ada ya kuingia kiwanjani ni kubwa kuliko michango ya timu ya miezi mitatu, uwanja huo utakuwa wa kutazamwa na watu wanaopita barabarani. Twaomba serikali ya kaunti iweke siku maalum kwa timu za wafanyakazi na za shule, kwa ada ndogo inayojulikana na iliyobandikwa mlangoni, tusiwe wa kuulizia kila mara kwa karani huyu na yule.

Tena twasema: uwanja mmoja mkubwa hauondoi haja ya viwanja vidogo. Mchezaji hazaliwi katika uwanja wa Mashujaa. Huzaliwa katika kiwanja cha kijiji, chenye mteremko upande mmoja na mwembe nyuma ya goli. Viwanja hivyo vikijengwa maduka, uwanja mkubwa utakosa wa kucheza.

Wala tusidhani ni Kwale peke yake. Tume ya Bwana Paul Ndung'u, iliyotoa ripoti yake mwaka wa 2004, ilieleza jinsi ardhi za umma Kenya nzima zilivyogawiwa watu kinyume cha sheria, na viwanja vya michezo vikiwamo. Tarehe 19 Januari 2015 watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, waliporudi kutoka likizo walikuta kiwanja chao kimezungushiwa ukuta. Walipoandamana walipigwa mabomu ya machozi, watoto wadogo wenye sare za shule. Lakini ukuta ulianguka, na kiwanja kikabaki cha shule. Nchi nzima iliona haya. Kama watoto waliweza kusimama, watu wazima wenye chama watasema nini?

Sasa yafaa tujilaumu wenyewe kwanza. Tumefungua daftari la mweka hazina wa timu yetu, tukasoma matumizi ya miaka yote lililo nayo. Tumeona fedha za jezi, fedha za mipira, nauli ya mashua, chai ya refa, na mbuzi wa siku ya fainali. Hatukuona hata shilingi moja ya nauli ya kwenda Kwale katika ofisi ya ardhi kuuliza kiwanja kimeandikwaje. Mbuzi tulimla wote, viongozi na wanachama. Kwa hiyo kosa ni letu wote.

Sheria haitunyimi njia. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, yaeleza ardhi ya umma, na kifungu cha 63 yaeleza ardhi ya jamii. Ardhi ya jamii ambayo haijaandikishwa hushikwa na serikali ya kaunti kwa amana ya jamii hiyo. Kifungu cha 40 chasema kwamba ulinzi wa mali haumfikii mtu aliyethibitika kuipata kinyume cha sheria. Na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 yairuhusu jamii kujiandikisha, kuchagua kamati ya watu 7 hata 15, na kupata hati kwa jina la jamii yenyewe. Si kila mwenye karatasi ni mwizi, wala si kila karatasi ni ya kweli. Ndiyo sababu ya kwenda kuuliza kabla ya kupiga kelele.

Basi mkutano wa Funzi umeazimia haya, nasi twayaweka mbele ya wanachama wote.

Kwanza, kila tawi litaje viwanja vyote vya mpira katika eneo lake, na kwa kila kimoja liandike ni nani aliyekifyeka, mwaka gani, na nani wanaokitumia. Wazee waulizwe sasa, wakiwa hai, na maneno yao yaandikwe na kutiwa sahihi au dole gumba mbele ya mashahidi.

Pili, katibu wa tawi aende Kwale pamoja na mzee wa kijiji mmoja kutafuta katika daftari la ardhi namba ya kiwanja na jina lililoandikwa. Nauli na ada zitatoka katika fedha za tawi. Safari hiyo iwe kabla ya kununua jezi mpya.

Tatu, kiwanja kikionekana hakina jina, wanakijiji waanze mara moja kazi ya kukiandikisha, na chama kitawasaidia kwa barua na kwa ushauri. Kiandikwe kwa jina la jamii au la umma. Tusikubali kiandikwe kwa jina la mwenyekiti, hata awe mtu mwema namna gani, wala kwa jina la chama hiki. Tumekwisha kuona huko Tanga mabishano yanavyotokea.

Nne, kuhusu kile kiwanja chenye nguzo, mtu yeyote asiing'oe hata moja. Tunajua hasira za vijana, na tunazo sisi pia. Lakini nguzo ikivunjwa, sisi ndio tutakaoshitakiwa, na habari ya kiwanja itasahauliwa. Barua zimekwisha kupelekwa kunakohusika. Wakati tunangoja majibu, timu iendelee kucheza ndani ya nguzo, kila jioni kama desturi. Kiwanja kinachochezwa hakiwezi kuitwa pori tupu.

Tano, wapangaji wa mashindano watazame maji kabla ya kupanga saa. Mechi ikianza saa kumi na moja siku ambayo maji yanakupwa jioni, vijana wa Funzi hukwama Bodo hata usiku. Jambo hili ni dogo kwa mtu wa bara, lakini limewafanya wachezaji wawili wazuri waache timu.

Ndugu Wanachama, wale wa 1947 hawakutuachia majumba. Walituachia mfano: walikuwa maskini, wakakipa kiwanja jina lao bila haya, wakasimama juu yake siku 12. Sisi tumepata yale ambayo wao hawakuyapata. Tuna katiba, tuna sheria, tuna mikutano isiyokatazwa, na wengi wetu tunajua kusoma na kuandika. Itakuwa aibu ikiwa wasiokuwa na kalamu walikishika kiwanja chao, na wenye kalamu wakakipoteza.

Makatibu wa matawi walete orodha zao katika mkutano ujao. Atakayekuja bila orodha asituletee hesabu ya jezi.

Umoja ni nguvu.